Hodi Kila Baada ya Miezi Minne

Nani kazaliwa? Nani kafariki? Nani kahamia, na nani kahama?

Maswali hayo manne yalianza kuulizwa Novemba 1998 katika kata sita za wilaya ya Rufiji ya wakati huo, kaskazini ya mto Rufiji: Bungu, Kibiti, Mchukwi, Ikwiriri, Umwe na Mgomba. Mdodosaji alipiga hodi, akakaribishwa, akauliza, akaandika. Baada ya miezi minne alirudi na maswali yaleyale. Miezi minne mingine, hodi tena. Waliokuwa wakihesabiwa hivyo walikuwa watu wapatao 85,000. Hata kichanga aliyeishi siku mbili tu, ambaye zamani angezikwa bila jina lake kuandikwa popote, aliacha mstari wake kwenye daftari.

Nimeifuata njia ya wadodosaji hao kwa sababu ya swali ambalo wenye mafungu ya fedha huliuliza na wenye kufanya utafiti hulikwepa: pesa ya umma iliyotumika kuchunguza afya za watu imezaa nini? Majibu niliyozoea kuyasikia ni idadi ya makala zilizochapishwa, warsha zilizofanyika, vijana waliopata shahada. Yote ni mema, lakini hakuna mama anayelala usingizi kwa sababu ya makala. Rufiji ni moja ya mahali pachache ninapopajua ambapo swali hilo lilijibiwa kwa kuhesabu watoto waliobaki hai.

Ukitoka Dar es Salaam unapita Mbagala, Vikindu, Mkuranga, kisha Jaribu Mpakani, na mara unaingia Bungu. Siku hizi ni mwendo wa saa chache kwenye lami. Nilipopita hapa utotoni nilikuwa nimepakatwa juu ya mizigo, na safari iliishia ukingoni, Ndundu, tukilingoja pantoni kama watu wanaongoja mvua. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Naitaja tarehe hiyo kwa makusudi, kwa kuwa yote nitakayoyasimulia, yaani kuhesabu, kupanga, kusafirisha dawa na kukimbiza wagonjwa, yalianza kabla ya daraja, katika wilaya ambayo makao yake makuu, Utete, yalikuwa ng'ambo ya mto na vijiji vilivyohesabiwa vilikuwa upande huu.

Chanzo cha kuhesabu huko kiko mbali. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa taarifa yake ya mwaka kuhusu maendeleo, na toleo la mwaka huo lilihusu afya. Ilidai kwamba nchi maskini ikitumia dola 12 hivi kwa kila mtu kwa mwaka, na ikizielekeza kwenye tiba na kinga chache zilizochaguliwa vizuri, itapunguza sehemu kubwa ya maradhi yake. Yalikuwa madai ya kwenye karatasi. Oktoba mwaka huohuo Wakanada waliita mkutano Ottawa, kupitia shirika lao la umma la utafiti wa maendeleo, IDRC, na hapo likazaliwa wazo la kuyajaribu madai hayo kwenye ardhi halisi, kwa wilaya halisi zenye matope na mafuriko. Tanzania ilikubali. Wizara ya Afya na Wakanada wakaunda mradi uliojulikana kwa kifupi chake, TEHIP, na katikati ya miaka ya tisini zikachaguliwa wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye jumla ya watu zaidi ya 700,000.

Hawakuwa wa kwanza kuhesabu vifo katika nchi hii ili kujua kama jitihada imefaa. Katika miaka ya hamsini, wataalamu wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, kwenye milima ya Usambara, walipulizia dawa ya dieldrini nyumba za Pare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, tangu 1955 hadi 1959. Aina moja ya mbu waenezao malaria ilitoweka kabisa kwa miaka kadhaa. Lakini kilichoufanya mradi ule ukumbukwe hadi leo ni kwamba waliandika vizazi na vifo vya watu, na waliendelea kuandika hata baada ya upuliziaji kusimama. Wangehesabu mbu peke yao, tusingekuwa na la kusema leo juu ya watoto wa Pare. Huko Morogoro nako, kabla TEHIP haijafika, mradi mwingine uliosaidiwa na serikali ya Uingereza ulikuwa tayari unafuatilia vifo tangu 1992. Rufiji haikuwa na kitu cha namna hiyo, kwa hiyo ilibidi kianzishwe.

Na kukianzisha si kazi nyepesi. Mrufiji ana makazi mawili. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni na kuwapanga kwenye vijiji vya juu, lakini mpunga haukuhama. Msimu wa kilimo ukifika, familia nzima hufunga nyumba na kwenda kuishi mabondeni kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, wakiwafukuza ndege na ngiri miezi kadhaa. Mdodosaji aliyekuja mwezi huo alikuta kufuli. Ilimbidi aulize kwa jirani, amtafute mtu aliyebaki, arudi tena. Palihitajika pia watoa habari ndani ya kijiji chenyewe, watu wanaojua msiba uko wapi siku hiyohiyo unapotokea, kwa kuwa vizazi husherehekewa hadharani lakini kifo cha mtoto mchanga hupita kimya.

Sehemu ya kazi hiyo iliyonigusa kuliko zote ni ile ya kutafuta sababu ya kifo. Wengi hufia nyumbani, bila daktari, bila cheti. Basi matanga yakishaanuliwa, akaja mtu aliyefundishwa, akaketi na mama au bibi wa marehemu, akauliza taratibu. Homa ilianza lini? Alipata degedege? Alikohoa? Mbavu zilikuwa zikiingia ndani akivuta pumzi? Alikuwa ananyonya bado? Mlimpeleka wapi kwanza, na baada ya hapo wapi? Maelezo hayo yaliandikwa yote, yakapelekwa kwa madaktari wawili waliosoma kila mmoja peke yake na kuandika alichodhani ndicho kilichoua. Wakitofautiana, wa tatu aliamua.

Nataka msomaji aelewe uzito wa kikao hicho. Mfiwa anaombwa airudie njia ya mwisho ya mwanawe, saa kwa saa, kwa faida ya mtoto wa mtu mwingine ambaye hajazaliwa. Hapati dawa wala malipo ya kifo. Ninaposikia watu wakizungumzia gharama za utafiti, huwa nasubiri nisikie kama gharama hii nayo imo kwenye hesabu, na huwa haimo.

Kutokana na vikao hivyo kulitoka jambo lililopaswa kututia haya sisi tuliosoma. Kwa miaka mingi ilisemwa ofisini, na wakati mwingine mbele ya wagonjwa wenyewe, kwamba watoto wa pwani hufa kwa malaria kwa kuwa wazazi hung'ang'ania waganga, kwamba degedege kwao ni ya shetani na ndege, si ya mbu. Watafiti walipochambua vifo vya malaria vya Rufiji vya 1999 hadi 2001, walikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya waliokufa walikuwa wametafutiwa kwanza tiba ya kisasa. Mama alikwenda zahanati au alinunua dawa dukani, na mtoto akafa vilevile. Dawa haikuwepo, au ilikuwepo lakini haikufaa tena, au aliyempokea hakujua kutofautisha malaria na nimonia, au ilikuwa usiku na gari hakuna. Lawama ikahama kutoka mlangoni kwa mama ikaenda ofisini. Hata kama hesabu za Rufiji zisingeokoa mtu yeyote, ukweli huo peke yake ningeuhesabu kuwa mavuno.

Zilikuja pia hesabu za pesa. Kabla ya hapo bajeti ya afya ya wilaya ilipangwa kwa kuchukua ya mwaka jana na kuongeza kidogo, na kila zahanati ilipokea boksi la dawa lilelile, iwe bondeni au mlimani. TEHIP waliwapa waganga wakuu wa wilaya chombo rahisi: michoro miwili ukutani. Mmoja ulionyesha ni maradhi gani yanakula miaka ya maisha ya watu wako, wa pili ulionyesha ni wapi unapeleka pesa. Morogoro, malaria ilikuwa ikimeza kiasi cha asilimia 30 ya miaka iliyopotea, na mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 ya bajeti. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo na kikapewa asilimia 22. Hakuna aliyeiba. Mazoea na matakwa ya wafadhili ndiyo yaliyopanga, na hayakuwahi kuona kaburi.

Nadhani hapa ndipo mtu anaweza kuona utafiti unavyofanya kazi ukifanya kazi kweli. Mganga mkuu wa wilaya hakuletewa kitabu. Aliletewa vifo vya kwake, vya kata anazozijua, vikiwa vimepangwa kwa urefu wa nguzo ambazo hata diwani asiyesoma takwimu angeweza kuziona. Kisha akaongezewa fedha kidogo za kutumia kwa hiari yake. Waliruhusiwa hadi dola 2 kwa kila mkazi. Walichoweza kutumia kilikuwa kama senti 80 za dola kwa mwaka.

Walizitumia kwa mambo ambayo hayawezi kupigwa picha ya kupendeza. Waliwafundisha wahudumu wa zahanati utaratibu wa kumchunguza mtoto mzima mzima, si homa yake peke yake: umpime pumzi, umtazame macho na ngozi, uulize kuhara, upime uzito, uangalie chanjo. Waliweka redio za upepo ili zahanati iweze kuita gari. Vituo vya afya vikapewa jukumu la kuzisimamia zahanati zilizo karibu navyo badala ya kungoja ziara ya kutoka wilayani. Wanakijiji wakafyatua matofali na kubeba mchanga, zahanati zilizokuwa zikivuja zikaezekwa upya. Na vyandarua vikahimizwa.

Hodi zikaendelea. Daftari likaanza kuonyesha kitu. Mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 100 hivi walikuwa wakifa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 2000 wakawa 72. Wanaokufa kabla ya miaka mitano walishuka kutoka 140 hadi 120 katika kipindi hichohicho. Ilipofika 2003, vifo vya watoto wa Rufiji wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Habari hiyo ilisafiri dunia nzima. Senti 80 zikawa hadithi.

Mimi naipenda hadithi hiyo, na kwa kuwa naipenda sitaki isimuliwe nusu. Vifo kupungua baada ya jambo si sawa na vifo kupungua kwa sababu ya jambo. Mvua hubadilika, bei ya korosho hupanda, barabara hufunguliwa. Ili kujua sehemu ya mradi ni ipi, ni lazima utazame wilaya nyingine ambako mradi haukwenda. Wapimaji walilijua hilo, na waliichagua njia ngumu: walilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini, ambako wahudumu walifundishwa utaratibu ule wa watoto, na Kilombero na Ulanga, ambako ulikuwa haujafika.

Ndiyo sababu nyayo hizi haziishii Ikwiriri. Zinakupeleka Ifakara, ambako mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, alifika mwaka 1949 akichunguza papasi wanaoeneza homa ya vipindi. Mwaka 1957 alianzisha maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Na Ifakara, miaka ileile ambayo Rufiji ilikuwa ikihesabiwa, kulikuwa na mradi mwingine wa fedha za umma, safari hii za Waswisi pamoja na serikali yetu. Tangu 1997 vyandarua na dawa ya kuchovya viliuzwa Kilombero na Ulanga kwa jina ambalo halikuhitaji maelezo, Zuia Mbu. Vichanga waliokuwa wakilazwa kwenye chandarua chenye dawa walikuwa chini ya mmoja katika kumi. Baada ya miaka mitatu walizidi nusu. Mwaka 2001 watafiti wakachapisha kwamba uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliotumia vyandarua hivyo.

Tazama basi mtihani waliojikuta nao wapimaji. Wilaya ambazo zilikusudiwa kuwa za kulinganishia, za kusimama tuli ili nyingine zipimwe kwazo, zilikuwa nazo zinaokoa watoto wake kwa njia nyingine. Matokeo yalipotoka mwaka 2004, vifo vya watoto katika wilaya zilizofundisha wahudumu vilikuwa chini kwa asilimia 13 kuliko Kilombero na Ulanga katika muda wa miaka miwili, na gharama ya kumhudumia mtoto haikuwa kubwa zaidi, bali ilikuwa ndogo. Wenyewe waliandika wazi kwamba kwa namna moja ya kukokotoa, tofauti hiyo ingeweza hata kutokana na bahati.

Kutoka 40 hadi 13. Kuna watakaosema mradi umeshuka thamani. Mimi nasema 13 ndiyo hesabu iliyonifanya niiamini ile 40, kwa sababu ilitolewa na watu waliokuwa tayari kusikia jibu dogo. Na ukiitazama vizuri, haisemi kwamba watoto wa Rufiji hawakupona. Inasema kwamba hata watoto wa Kilombero walikuwa wanapona. Fedha mbili za umma, za mataifa mawili ya mbali na la kwetu, zilikuwa zikifukuzana kwenye ukingo wa mito miwili, maana Kilombero yenyewe humwaga maji yake Rufiji.

Baada ya hapo mambo yakaenea, na kwa kuenea yakawa magumu zaidi kupimika. Mwaka 2004 serikali ilianza Hati Punguzo, karatasi ambayo mama mjamzito alipewa kliniki akaenda nayo dukani kununulia chandarua kwa bei nafuu. Waliokuwa wamejifunza kuuza chandarua Ifakara walikuwa na mkono wao humo. Namna ya kupanga bajeti kwa kufuata maradhi ikaingia kwenye mipango ya halmashauri nyingine. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba nchi nzima vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa asilimia 24 kati ya 2000 na 2004. Walitaja sababu kwa pamoja: fedha za afya za umma ziliongezeka maradufu, maamuzi yalipelekwa wilayani, wafadhili waliweka pesa kwenye mfuko mmoja, na chanjo, vitamini A, vyandarua na utaratibu ule wa kumchunguza mtoto vilifika mbali zaidi. Katika orodha hiyo, sehemu ya Rufiji ni ipi? Utafiti ukishafaulu huacha kuonekana. Huwa ni kawaida ya kazi, na muuguzi kijana wa leo anayepima pumzi za mtoto kwa kutazama saa hajui kwamba kuna mtu alilazimika kuthibitisha kuwa inafaa.

Nilirudi Ikwiriri jioni. Nilikuwa nimeelekezwa kwa bibi mmoja aliyeishi hapo tangu watu walipohamishwa kutoka bondeni, na nikamkuta barazani anasuka ukili, miyaa imelala mapajani mwake, ya rangi na isiyo ya rangi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti hapo, usikae juani."

Aliwakumbuka. Alisema walikuwa wanakuja na madaftari, wapole, na kwamba mmoja wao alipendelea kukaa palepale nilipokaa mimi. Alisema waliwahi kumuuliza habari za mjukuu wake wa kike, na kwamba siku hiyo hakupika. Hakusema zaidi na sikumsukuma. Kisha akaniuliza, kana kwamba tangu nifike alikuwa anangoja tumalize salamu:

"Na ile hesabu, ilitoka ngapi?"

Nikamwambia kwa namna nilivyoweza. Kwamba walipoanza kuhesabu, katika watoto mia waliozaliwa huku, kumi na wanne walikuwa hawafikishi miaka mitano. Na kwamba baada ya miaka mitano ya hodi wakawa kwenye nane, hivi. Nikamwambia pia kwamba si wote ni kwa ajili ya mradi ule, kwamba hata kwingine watoto walikuwa wanapona, na wenye hesabu walisema hivyo wenyewe.

Alisuka kidogo. Alihesabu kimya kwa kugusa miyaa kwa kidole, kumi na nne, akaondoa nane.

"Sita," akasema.

"Sita, bibi. Katika kila mia."

"Na hao sita, ni akina nani?"

Watoto wa shule walikuwa wakipita barabarani kuelekea Umwe, wakubwa kwa wadogo, na yeye alikuwa akiwatazama alipouliza.